Mafuta, Galoni na Mzunguko: Istilahi za Kiswahili katika Upimaji wa Matumizi ya Fueli ya Injini za Rota kwenye Ndege Zinazoundwa na Watu Binafsi

Ikisiri

Upimaji wa kiasi cha fueli kinachotumiwa na injini huchukuliwa kuwa kazi ya vihisi na vikokotoo. Makala haya yanaonesha kwamba kazi hiyo huanza katika lugha. Mfano unaotumika ni injini ya rota ya aina ya Wankel, ambayo hufungwa katika baadhi ya ndege zinazoundwa na watu binafsi. Kupitia mfano huo, yanachambuliwa maneno matatu ya Kiswahili yenye maana zaidi ya moja: mzunguko, mafuta na galoni. Uchambuzi unawekwa katika mazingira ya Muganza, Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, ambako Kiswahili hukutana na Kinyarwanda, Kirundi na Kifaransa. Ni uchambuzi wa kimaana na wa kihesabu, haukutokana na mahojiano. Inapendekezwa kwamba istilahi ya upimaji isisanifiwe kama jina tupu, bali iambatane na kizio chake na mahali kipimo kinapochukuliwa.

Istilahi muhimu: fueli, kilainishi, injini ya rota, kizio, usanifishaji

1. Utangulizi

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa fueli ikiwa angani, katika safari ya kutoka Montréal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Safari ilihitaji kilogramu 22,300. Kabla ya kuondoka Montréal, ilipimwa kwa kijiti kuwa matangini mlikuwa na lita 7,682. Ili kupata kilogramu, lita hizo zilipaswa kuzidishwa kwa takriban 0.8, lakini zilizidishwa kwa 1.77, ambayo ni idadi ya ratili katika lita moja. Hesabu ikaonesha kilogramu 13,597 mahali palipokuwa na kilogramu zisizozidi 6,200. Ziliongezwa lita 4,917, na ndege ikaruka ikiwa na chini ya nusu ya fueli iliyohitajika. Marubani waliiteremsha bila injini katika uwanja wa zamani wa Gimli, Manitoba, na hakuna aliyefariki.

Tukio hilo hufundishwa kama kosa la hesabu, ingawa kuzidisha kwenyewe hakukuwa na kosa. Kilichokosekana ni jina la kizio kando ya namba 1.77. Namba isiyo na jina ilisafiri kutoka mfumo mmoja wa vipimo hadi mwingine, na kila aliyeipokea aliipa maana aliyoizoea.

Ndege ile ilikuwa na kampuni, mafundi wenye leseni na fomu zilizochapishwa. Ndege inayoundwa na mtu binafsi haina ulinzi wa kiwango hicho. Mwenye kuiunda ndiye fundi, mwandishi wa kumbukumbu, na mara nyingi rubani. Nchini Kenya, katika miaka ya 2010, vyombo vya habari vilionesha juhudi za watu walioziunda ndege uani mwao kwa kutumia injini za magari. Katika mazingira hayo lugha ya kazi si Kiingereza cha waongoza ndege. Ni lugha ya gereji, na katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki lugha hiyo ni Kiswahili. Swali la makala haya ni hili: je, Kiswahili kinachotumika kinamwezesha mtu kuandika kipimo cha fueli ambacho mwingine atakisoma bila kukosea?

2. Kwa nini Muganza

Tarafa ya Muganza imo katika uwanda wa Bugarama, karibu na mahali ambapo Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinapakana. Humo ndimo kilimo kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na kwa hiyo malori, mizani na matangi ya mafuta ni sehemu ya maisha ya kila siku. Kiwanja cha ndege cha wilaya hiyo kiko Kamembe. Muganza haitajwi hapa kwa sababu ndege za rota zinaundwa huko. Inatajwa kwa sababu ni mahali ambapo istilahi yoyote ya Kiswahili inayokusudiwa kuwa ya kanda nzima itapata mtihani wa kweli.

Sababu ni msamiati wa jirani. Katika Kinyarwanda petroli huitwa lisansi, neno lililotokana na Kifaransa, na dizeli huitwa mazutu. Katika Kirundi, igitoro hutumika kwa mafuta ya magari kwa jumla. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo nacho huchota kwa wingi katika Kifaransa, ilhali Kiswahili cha Tanzania na Kenya husema petroli na dizeli. Vilevile Kinyarwanda kina amavuta, neno ndugu la mafuta, ambalo hutaja mafuta ya kupikia, ya kujipaka na ya kulainisha mashine. Msemaji wa Muganza anapoingia katika Kiswahili huingia na mgawanyo huu wa maana akilini. Iwapo Kiswahili hakina mgawanyo ulio wazi, atajaza pengo kwa ule wa lugha yake, na jirani yake wa Uvira au Cibitoke atafanya vivyo hivyo kwa ule wa kwake.

Suala hili lina uzito wa kisera. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kadiri Kiswahili kinavyopewa hadhi, ndivyo maandishi ya kiufundi yatakavyotarajiwa kuandikwa kwacho, nayo yatasomwa na watu wasiolelewa katika Kiswahili cha pwani.

3. Mzunguko upi?

Ugumu wa kwanza umo katika jina la injini. Tafsiri ya moja kwa moja, yaani "injini ya mzunguko" au "injini ya kuzunguka", hutaja mashine mbili zisizohusiana. Ya kwanza ni ile iliyotumika katika ndege kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na wakati wa vita hivyo, kama vile injini za Gnome za ndugu Seguin wa Ufaransa. Humo shafti ilifungwa imara kwenye mwili wa ndege, na silinda zote zikazunguka pamoja na rafadha. Ya pili ni ile iliyobuniwa na Felix Wankel nchini Ujerumani, ambayo mfano wake wa kwanza uliwashwa mwaka 1957. Hiyo haina pistoni. Ina rota yenye nyuso tatu inayozunguka ndani ya chemba, na nafasi kati ya kila uso na ukuta wa chemba hupanuka na kubana kadiri rota inavyokwenda. Kuna pia injini ambayo silinda zake zimepangwa kama miale ya nyota bila kuzunguka, ambayo kwa macho hufanana na ile ya Gnome. Makala haya yanatumia injini ya rota kwa ile ya Wankel pekee, injini ya silinda zizungukazo kwa ile ya Gnome, na injini ya nyota kwa ile ya tatu.

Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi, kwa sababu unaingia katika hesabu. Injini ya rota inayopatikana kwa urahisi zaidi kwa waundaji ndege ni Mazda 13B. Ina rota mbili, na kila chemba ina ujazo wa sentimita za ujazo 654, hivyo hutajwa kuwa injini ya lita 1.3. Rota inapokamilisha mzunguko mmoja, shafti hukamilisha mitatu. Kwa kuwa kila rota ina nyuso tatu, kila rota huleta mwako mmoja katika kila mzunguko wa shafti. Injini ya kawaida ya mipigo minne huhitaji mizunguko miwili ya shafti ili kila silinda iwake mara moja. Kwa hiyo, kwa wingi wa mchanganyiko inaoumeza, 13B inalingana na injini ya pistoni ya lita 2.6. Anayesikia "lita 1.3" na kutarajia matumizi ya gari dogo atakuwa amepotoshwa na jina sahihi lililowekwa mahali pasipo pake.

Rafadha haiwezi kuzungushwa kwa kasi ya shafti hiyo, kwa hiyo hufungwa gia ya kupunguza kasi. Tuchukue mfano wa gia ya uwiano wa 2.85 kwa 1. Shafti ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, rota huzunguka mara 2,000 na rafadha takriban mara 2,105. Ndege hiyo moja ina "mizunguko kwa dakika" ya aina tatu, na miwili kati yake inakaribiana kiasi cha kudhaniwa kuwa ni mmoja.

Athari yake katika fueli ni hii. Kompyuta ya injini hukadiria matumizi kwa kujumlisha muda ambao nozeli hukaa wazi katika kila mzunguko. Injini inayotumia lita 40 kwa saa katika mizunguko 6,000 ya shafti hutumia takriban mililita 0.111 kwa mzunguko. Mtu akiikuta namba hiyo katika daftari imeandikwa "kwa mzunguko", kisha akaizidisha kwa mizunguko 2,000 ya rota, atapata lita 13.3 kwa saa, yaani theluthi moja ya kweli. Kosa kubwa kiasi hicho huenda likagunduliwa. Kosa la kuchanganya rota na rafadha, ambalo ni la takriban asilimia 5, ni vigumu kuligundua.

4. Mafuta yapi?

Neno mafuta hutaja samli, mafuta ya alizeti, mafuta ya nywele, petroli, dizeli, mafuta ya taa na mafuta ghafi. Katika mazungumzo muktadha huokoa. Dereva akisema "gari linakula mafuta" anaeleweka kuwa anazungumzia petroli au dizeli, na kwa kilainishi husema "linakula oili". Kauli hiyo ya pili katika injini ya pistoni ni dalili ya ugonjwa: pete zimechakaa, na moshi wa buluu unatoka.

Katika injini ya rota mambo ni tofauti. Ncha tatu za rota zina sili zinazosuguana na ukuta wa chemba, na sili hizo hulainishwa kwa oili inayoingizwa makusudi ndani ya chemba, ambako huungua pamoja na petroli. Injini hii hula oili ikiwa nzima. Mazda iliweka pampu ndogo inayochota oili kutoka sampu na kuipima kulingana na kazi ya injini. Baadhi ya waundaji ndege huiondoa pampu hiyo na kuchanganya oili katika petroli tangini. Injini za Gnome nazo zilikuwa na tabia inayofanana na hiyo: zililainishwa kwa mafuta ya mbarika ambayo hayakurudi sampu, bali yalitupwa nje pamoja na moshi.

Kwa hiyo "matumizi ya mafuta ya injini ya rota" ni kirai chenye maana tatu halali: petroli peke yake, oili peke yake, au vyote viwili. Iwapo oili imechanganywa tangini kwa uwiano wa 1 kwa 100, kihisi cha mtiririko huhesabu mchanganyiko, na takriban asilimia 1 ya kinachoitwa petroli ni oili. Iwapo oili inatoka sampu, kihisi hakiioni kabisa. Anayesoma rekodi asiyejua mpango upi ulitumika hawezi kulinganisha injini mbili. Tena, anaweza kuruka akiwa na petroli ya kutosha na oili isiyotosha, jambo linaloharibu sili hata kama kipimo cha "mafuta" hakikuonesha tatizo.

Kiswahili kina nyenzo za kutenganisha. Fueli imekwisha kuingia katika maandishi ya sayansi, na kilainishi ni neno lililoundwa kwa kanuni ya kawaida ya kitenzi lainisha. Inapendekezwa kwamba katika rekodi ya kiufundi neno mafuta lisitumike peke yake. Fueli itaje kinachochomwa ili kutoa nguvu, kilainishi au oili kitaje kinachopunguza msuguano, na aina ya fueli itajwe kwa jina lake: petroli ya magari, petroli ya ndege au dizeli. Lisansi na mazutu hazina haja ya kupigwa vita. Zinafaa kuingizwa katika kamusi za istilahi kama visawe vya kikanda, ili msomaji wa Rusizi aone palepale neno lake linaangukia wapi.

5. Kizio kipi?

Galoni ni neno lililokaa katika Kiswahili muda mrefu. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546, nayo ndiyo iliyozaa debe, kopo la galoni nne lenye takriban lita 18. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, na ndiyo inayotumika katika vitabu na vifaa vingi vya ndege za watu binafsi. Katika matumizi ya sasa, hasa Tanzania, galoni pia ni chombo cha plastiki: mtu husema "galoni la lita tano" au "la lita ishirini". Fundi aliyeandika "galoni 10" huenda alimaanisha lita 37.9 au lita 45.5. Tofauti hiyo ya lita 7.6, kwa injini inayotumia lita 40 kwa saa, ni zaidi ya dakika 11 za kuwa angani. Maana ya tatu, ile ya chombo, haiwezi hata kuhesabiwa.

Baada ya galoni kuna suala la ujazo na tungamo. Nguvu ya fueli hufuata tungamo lake, lakini matangi na pampu hupima ujazo. Wahandisi hupendelea gramu kwa kilowati-saa. Kwa mfano, injini inayotoa kilowati 100 na kutumia gramu 300 kwa kila kilowati-saa huchoma kilogramu 30 kwa saa. Viwango vya Ulaya huruhusu densiti ya petroli ya magari kuwa kati ya kilogramu 0.720 na 0.775 kwa lita, katika nyuzi 15 za selsiasi. Kilogramu zile 30 ni lita 41.7 katika mpaka wa chini na lita 38.7 katika mpaka wa juu, ilhali injini haikubadilika. Joto nalo huongeza: petroli hupanuka kwa takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja, hivyo kati ya nyuzi 15 na 35 ujazo hukua kwa karibu asilimia 2. Katika joto la uwanda wa Bugarama hilo si jambo la pembeni.

Katika lugha ya kawaida uzito hutumika kwa tungamo, na "mafuta mazito" huweza kumaanisha yenye densiti kubwa au yasiyotiririka kwa urahisi. Tofauti kati ya ujazo, tungamo, uzito na densiti hufundishwa shuleni, lakini hupotea mtu anapoingia gereji. Njia nyepesi ya kuirejesha si mahubiri kuhusu istilahi, bali fomu yenye safu ambayo kizio kimekwisha kuchapishwa juu yake.

6. Kipimo kinachukuliwa wapi?

Hata jina na kizio vikiwa sahihi, swali la mahali hubaki. Injini nyingi zenye nozeli hupokea fueli nyingi kuliko inayochomwa, na ziada hurudi tangini kwa bomba la pili. Tuseme pampu inasukuma lita 150 kwa saa, injini inachoma 40, na 110 zinarudi. Kihisi kimoja kwenye bomba la kwenda kitaonesha 150, namba isiyo na faida kwa rubani. Vihisi viwili vinahitajika, na jibu ni tofauti kati yao. Ikiwa kila kihisi kina kosa la asilimia 1, makosa hayo ni lita 1.5 na lita 1.1. Yakielekea pande zinazojumlishana, jumla ni lita 2.6, ambazo ni asilimia 6.5 ya lita 40.

Kwa safari ya saa nne, rubani aliyeamini lita 40 kwa saa ataandaa lita 160 na akiba. Kama matumizi ya kweli ni 42.6, atahitaji lita 170.4. Upungufu wa lita 10.4 ni karibu dakika 15. Kanuni za Marekani zinadai akiba ya dakika 30 kwa ndege za kawaida zinazoruka mchana kwa kuona. Nusu ya akiba hiyo imeliwa kabla ya upepo wa mbele kuhesabiwa, ilhali kila kihisi kilikuwa ndani ya usahihi ulioandikwa kwenye boksi lake.

Ndiyo maana kipimo cha kihisi huhakikiwa kwa njia ya zamani: tangi hujazwa hadi alama, ndege huruka, kisha tangi hujazwa tena hadi alama ileile ndege ikiwa imesimama vilevile, na fueli iliyoongezwa hupimwa kwa chombo kilichohakikiwa. Jerikani ya lita 20 si chombo cha aina hiyo, kwa sababu ikijazwa hadi mdomoni huchukua zaidi ya lita 20.

Mwinuko nao ni sehemu ya mahali. Katika anga sanifu densiti ya hewa ni kilogramu 1.225 kwa mita ya ujazo usawa wa bahari, takriban 1.11 katika mita 1,000, na takriban 1.06 katika mita 1,500. Uwanda wa Bugarama uko karibu na kiwango cha pili, na Kamembe kimepita cha tatu. Injini isiyoongezewa hewa, iliyopimwa Dar es Salaam, itameza hewa pungufu kwa zaidi ya asilimia 13 huko Kamembe. Fueli isipopunguzwa kwa kadiri hiyo, mchanganyiko utazidi petroli. Kwa hiyo "lita 40 kwa saa" bila mwinuko na bila kasi ya shafti ni sentensi isiyokamilika.

7. Mapendekezo

Jedwali lifuatalo linaonesha namna kila istilahi inavyoweza kuambatana na kizio na mahali pake.

| Istilahi | Kizio | Mahali au hali ya kutajwa |
|---|---|---|
| Mtiririko wa fueli | lita kwa saa | bomba la kwenda, la kurudi, au tofauti yake |
| Tungamo la fueli | kilogramu | densiti na joto wakati wa kupima |
| Matumizi ya kilainishi | mililita kwa saa | sampu au mchanganyiko tangini |
| Kasi ya mzunguko | mizunguko kwa dakika | shafti, rota au rafadha |
| Matumizi mahsusi | gramu kwa kilowati-saa | mwinuko na kasi ya shafti |

Kwa wanaistilahi, pendekezo la kwanza ni kuandika ingizo la upimaji likiwa na sehemu hizo tatu, badala ya orodha ya jina kwa jina. Mabaraza ya lugha na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yana uzoefu wa kutosha wa kuunda majina. Kinachohitaji kuongezwa ni masharti ya matumizi yake. Pendekezo la pili ni kujaribu istilahi mpya katika maeneo ya mpakani kama Muganza kabla ya kuzitangaza, kwa zoezi dogo: mtu mmoja aandike rekodi, mwingine wa nchi jirani aisome na kutoa hesabu. Majibu yakitofautiana, istilahi haijakomaa.

Kwa washauri wa sera, pendekezo ni kwamba mamlaka za usafiri wa anga zinapofikiria ndege za watu binafsi zisingoje sheria nzima itafsiriwe. Fomu moja ya rekodi ya fueli kwa Kiswahili, ambayo galoni haimo na neno mafuta halisimami peke yake, ingeweza kutangulia. Ingewafaa pia waendesha boti, jenereta na mashine za kusaga, ambao ni wengi zaidi na wana tatizo lilelile kwa gharama ya fedha badala ya uhai.

8. Hitimisho

Injini ya rota imetumika katika makala haya kwa sababu inayafichua yale ambayo injini nyingine huyaficha. Inakula oili ikiwa nzima, ina mizunguko ya aina tatu, na ujazo wake hutajwa kwa namba isiyolingana na ulaji wake. Katika kila hatua, neno la Kiswahili lililotosha sokoni halikutosha katika daftari la rubani. Hilo si upungufu wa Kiswahili. Katika tukio la 1983 lugha zenye istilahi za miaka mingi zilishindwa kwa namba moja iliyokosa jina. Lugha inayopewa hadhi rasmi katika nchi nyingi kwa wakati mmoja hubeba wajibu wa kueleweka kwa namna moja pale ambapo kutoelewana kuna gharama. Katika upimaji wa fueli wajibu huo hutimizwa pale kila namba inapoandikwa pamoja na kinachopimwa, kizio chake na mahali ilipochukuliwa.